Kinyozi Akifumba Macho

Kichwa cha mtu kina tabia. Kuna kichwa kigumu, kuna kichwa kilegevu, kuna kichwa kinachoukimbia wembe kama mbuzi aliyeona kamba. Kinyozi hakishiki kichwa kwa nguvu. Anaweka vidole viwili chini ya kidevu, anasukuma kidogo, kichwa chenyewe kinafuata. Ukitumia mkono mzima, mtu anajikaza. Nimeifanya kazi hiyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na mpaka mke wangu anafariki sikuwahi kumtoa mtu damu ya kuzungumzwa.

Chumba chetu cha kunyolea kiko katikati ya fundi viatu na duka la mitumba. Kiti kimoja, kioo kimoja chenye ufa pembeni, benchi la mbao karibu na mlango. Benchi lilikuwa la mke wangu. Mimi nanyoa, yeye anakunja taulo na anaongea. Mimi si mtu wa maneno. Mteja akiniuliza habari nasema nzuri, basi, nimemaliza. Yeye ndiye aliyejua mtoto wa nani kafaulu, nani kahama, nani kanuna na kwa nini. Aliongea na mteja, aliongea na mpita njia, akikosa mtu aliongea na taulo. Watu walikuwa wakiambiana, "Twende kwa kinyozi tukasikie." Hawakusema tukanyolewe.

Aliugua muda mfupi, akaenda. Hata kuaga hakuniaga sawasawa. Alisema, "Nenda ukaanue taulo," nikatoka nikaanua taulo. Niliporudi, keshanyamaza.

Baada ya mazishi nikafungua chumba. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, kichwa chake nakijua kama mfuko wa shati langu. Nikampaka povu, nikashika wembe, mkono ukaanza kutetemeka. Si kidogo. Ulitetemeka kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Nikaushika kwa mkono wa pili. Wa pili nao ukaanza.

Mwalimu akanitazama kwenye kioo. "Fundi," akasema kwa upole, "sikio hilo bado nalihitaji. Ndilo linaloshika miwani."

Akaondoka na shavu moja safi na jingine kama shamba lililosahauliwa. Nikafunga mlango.

Daktari alininyoosha vidole, akanigonga magoti, akapima damu, akasema mishipa haina kasoro. "Ni majonzi, mzee. Yanatafuta pa kutokea."

Nikamwambia yatafute kwingine. Mkono nautumia.

Binti yangu anafanya kazi ya mapokezi kwenye zahanati hiyohiyo. Hapendi jambo lilale. "Baba, funga kile chumba uje ukae kwangu," akasema. "Wajukuu wako wapo, kitanda kipo, upumzike."

"Sijachoka."

"Mkono umechoka."

"Mkono si mimi."

"Sasa ni wa nani, baba? Wa jirani?"

Hakosi neno. Amemrithi mama yake.

Tukakubaliana hivi. Ghorofani hapo zahanati kuna darasa la kukaa kimya na kufuata pumzi. Wenyewe wanaliita taamuli. Mimi niliposikia jina hilo nilidhani ni dawa ya kupaka. Nitakwenda mpaka darasa litakapofungwa. Mkono ukitulia, nafungua chumba changu. Usipotulia, kiti anapewa fundi mwingine, benchi linapelekwa nyumbani kwa binti barazani, liwekwe vyungu vya maua, na mimi nahamia pamoja na benchi. Aliposema vyungu vya maua, nikasema naenda.

Nilikwenda na rafiki yangu Dereva. Aliendesha malori maisha yake yote. Sasa amestaafu, ila jina limebaki, na sauti imebaki pia. Akikusalimu utadhani anataka kukupita kilimani. Dereva hanyolewi na mtu mwingine. Tangu mkono wangu uanze vituko vyake, ndevu amezifuga. Zilishafunika kola ya shati na zilikuwa zinashuka kutafuta kifungo cha pili. Siku tulipokuwa tunatoka kwenda darasani, mkewe alitusindikiza mpaka mlangoni.

"Shemeji," akaniambia, "mimi niliolewa na mwanamume, sikuolewa na ufagio. Mnyoe huyu. Hata ukimkata kidogo sitashtaki."

"Sitamkata," nikasema. "Sitamnyoa."

"Umesikia?" Dereva akasema. "Nasubiri. Gari likiharibika hulitupi, unasubiri spea."

"Spea yenyewe ndiyo hii inayotetemeka?"

"Si ndiyo tunaipeleka gereji, mke wangu?"

Gereji ilikuwa chumba cheupe chenye madirisha mapana, mikeka sakafuni, na harufu ya dawa ya kuchulia misuli. Tulikuwa watu wachache. Mbele yangu alikaa muuza maziwa mwenye mgongo mbovu, na kulia kwangu mama mmoja karani wa benki ambaye alikuwa hapati usingizi. Mwalimu wa darasa ni dada mwembamba, mtaalamu wa viungo hapo zahanati, sauti yake laini, na hasemi sentensi isiyo na pumzi ndani yake. Hatujakaa vizuri, Dereva keshampa jina: Dada Pumzi. Jina likashika.

"Tunakaa tu," Dada Pumzi alisema. "Pumzi inaingia, pumzi inatoka. Mawazo yakija, tunayaacha yapite."

"Kama askari wa barabarani," Dereva akaninong'oneza. "Usimwangalie machoni, pita."

Siku ya kwanza niligundua kwamba nina pua. Miaka yote nilikuwa nayo na haikuwahi kunidai kitu. Nilipoambiwa nisijiguse, ikawasha. Nikaiacha ipite. Mwasho ukahamia sikioni, ukatoka sikioni ukaenda kisiginoni, ukahangaika mwilini kama mpangaji anayetafuta chumba. Tumbo langu likalia. Tumbo la karani likajibu. Halafu kushoto kwangu Dereva akaanza kukoroma, na Dada Pumzi akaja akamgusa bega.

"Nilikuwa nimefika mbali," Dereva akasema.

"Tulisikia ukibadilisha gia," karani akajibu, macho bado kafumba.

Tulipoinuka, mguu wangu wa kushoto haukuwepo. Nikaegemea ukuta. Ukuta ukasema, "Mzee, pole pole." Alikuwa karani.

Chini, binti yangu alikuwa ananisubiri. "Mkono?"

Nikauweka juu ya meza ya mapokezi. Kalamu zikaanza kugongana ndani ya kikombe chao.

"Ndiyo kwanza tumeanza," nikasema.

Ukishazoea mwasho, yanakuja mengine. Hakuna aliyenionya. Siku moja nimekaa, nimetulia, nikahisi mikono yangu inakua. Iliketi mapajani, ikavimba, ikawa kama matikiti. Kisha ikawa kama magunia. Nikajua nikifumbua macho nitakuta nimewabana watu wote ukutani. Nikafumbua. Mikono ilikuwa ileile, ya mzee, ina madoa. Nikafumba tena, ikavimba tena. Mara nyingine nilihisi naelea juu ya mkeka, kiasi cha unene wa vitabu viwili hivi, nikaushika mkeka kwa vidole vya miguu nisije nikagonga dari.

Nikamweleza Dada Pumzi. "Ni kawaida, mzee," akasema. "Wengine wanahisi wamekuwa wadogo, wengine wanahisi joto, wengine wanacheka. Mwili ukipata nafasi unasema yake. Ikizidi, fumbua macho, au simama utembee."

"Huyu dada," Dereva akasema tukishuka ngazi, "hata ukimwambia umeota mkia, atasema ni kawaida."

"Wewe unahisi nini?"

"Njaa."

Kucheka kulimpata karani. Tulikuwa kimya kabisa, yeye akaanza kutikisika. Akajizuia. Akashindwa. Dereva akamfuata, muuza maziwa akafuata, mpaka mikeka ikawa inasogea. Hakuna aliyejua tunacheka nini. Mimi nilicheka kidogo, kwa adabu. Kucheka hakukuwa shida yangu.

Shida yangu ilikuwa hasira. Mimi sina hasira. Mke wangu alikuwa akisema, ukitaka kugombana na mume wangu lete na wa kugombana naye. Siku hiyo nikafumbua jicho nikakitazama kisogo cha muuza maziwa mbele yangu. Kilikuwa kimenyolewa ovyo, mstari umepanda upande mmoja kama njia ya mlimani. Hasira ikanipanda. Nilitaka kumuuliza ni nani aliyekufanyia hivi na uko wapi wembe wake. Nikafumba macho nikikimbie kisogo. Kisogo kikaondoka, hasira ikabaki. Ilitoka tumboni, ya moto, ikaja mpaka masikioni. Hapo ndipo nikajua namkasirikia nani.

Namkasirikia mke wangu. Taulo zilikuwa na haraka gani? Mvua haikuwepo. Jua lilikuwa la kutosha kukausha ukuta. Alijua anakwenda, akanitoa nje kama unavyomtoa mtoto watu wazima wakitaka kuongea.

Mwili wote ukaanza kutetemeka. Si mkono tena. Mabega, magoti, meno yanagongana. Dada Pumzi akaja akakaa karibu nami. Hakunishika. "Uko hapa, mzee," akasema. "Ukitaka kufumbua, fumbua. Ukitaka kutoka, toka."

Nikatoka. Nikakaa kwenye ngazi. Dereva akatoka nyuma yangu, viatu mkononi.

"Vipi?"

"Nimemkasirikia shemeji yako."

Akafikiri. "Kafanya nini?"

"Kafa."

Dereva hakuniambia pole. Alikaa kwenye ngazi ya chini yangu, akapapasa mfukoni, akatoa pipi, akaimenya, akanipa. "Mimi wangu namkasirikia kila siku," akasema, "na yuko hai. Kula pipi."

Nikala. Machozi yakaja. Jicho la kushoto tu. La kulia likabaki kavu kama jiwe la kunolea. Dereva aliinama akanichungulia upande huu, akanichungulia upande ule.

"Wewe bwana," akasema, "hata kulia unabania?"

Nikamwambia sirudi tena kwenye darasa hilo. Nilikwenda kupoza mkono, sasa wanataka kunichemsha mzima. Dereva akasema tu, "Sawa. Nitamwambia mke wangu afungue duka la mafagio."

Jioni hiyo nikapita kwa binti. Barazani kwake nikakuta vyungu viwili vipya, vitupu, vimepangwa pembeni ya ukuta. Kati yake ameacha nafasi. Nafasi yenyewe urefu wa benchi. Siku ya darasa ilipofika, nikaenda.

Jumamosi ya mwisho ya darasa tulikaa asubuhi nzima. Dada Pumzi alituambia, "Leo kitakachokuja hatukifukuzi, wala hatukikaribishi chai." Nikakaa na Dereva ubavuni, magoti yetu karibu yagusane. Binti alikuwa chini kwenye meza yake. Alikuwa ameshaniambia asubuhi, "Baba, leo ndiyo leo." Nikamwambia najua.

Mwasho ulikuja, ukapita. Tumbo likasema, likanyamaza. Mikono ikavimba, nikaiacha ivimbe. Kisha hapakuwa na mikono wala magoti. Kulikuwa na wepesi, kama kichwa kilichotoka kunyolewa kikikutana na upepo wa kwanza mlangoni. Joto likapanda mgongoni taratibu. Nikasikia pumzi ya Dereva, na ndevu zake zikikwaruza shati kila akipumua.

Nikasikia harufu ya sabuni ya kunyolea. Pale hapakuwa na sabuni. Sikuitafuta.

Halafu maneno yakaanza. Sitaki kusema mke wangu alikuja. Hakuja. Yalikuwa maneno tu, yale ya kila siku, yanatoka upande wa benchi huku natazama kazi yangu, mwendo wake uleule. Shingo, baba, shingo. Usijikaze, hujaitwa mahakamani. Umesikia habari ya kuku wa fundi viatu? Mimi sikuwa na huzuni. Nilikuwa kazini. Vidole viwili chini ya kidevu, sukuma kidogo, kichwa kikafuata. Kichwa kizuri, hakijikazi. Nikaendelea na kazi, maneno nayo yanaendelea, na sikuwahi kuwa na raha namna hiyo tangu siku ya taulo.

Kitu kikanishtua. Kimya kilikuwa kimebadilika. Kuna kimya cha watu waliofumba macho, na kuna kimya cha watu wanaokutazama.

Nikafumbua. Darasa zima lilikuwa limenigeukia. Mdomo uliokuwa unasema ulikuwa wangu, tena kwa sauti, "...kumbe kuku ametaga ndani ya buti la askari, na askari keshavaa." Mkono wangu wa kushoto ulikuwa chini ya kidevu cha Dereva. Kichwa chake kimelala begani, macho kafumba, ametulia kama mteja mwenye adabu. Mkono wa kulia ulikuwa karibu na sikio lake, vidole vimeshika wembe ambao haupo.

Nikanyamaza. Mkono ukaanza kutetemeka.

"Endelea," Dereva akasema. Hakufumbua macho, hakunyanyua kichwa.

"Niendelee nini?"

"Askari kavaa buti. Halafu?"

"Dereva, tuko darasani."

"Najua tuko wapi. Ulipokuwa unaongea mkono ulikuwa kama umepigiliwa msumari. Umenyamaza, unacheza ngoma kidevuni kwangu. Endelea."

"Hata mimi nataka kujua," karani akasema. "Askari alifanyaje?"

Nikamtazama Dada Pumzi. Alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na pumzi zilikuwa zimemwishia.

"Hii nayo ni kawaida?" Dereva akamuuliza, kichwa bado begani.

"Hii," akasema alipoweza, "hii sijawahi kuiona."

"Askari akamfuata fundi viatu," nikasema, "mguu mmoja unateleza. Akamwambia, 'Nilikuletea buti ulishone. Sikuagiza kifungua kinywa.'"

Walicheka mpaka muuza maziwa akashika mgongo. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia mkono wangu. Ulikuwa umetulia.

Tulishuka ngazi haraka kuliko umri wetu. Binti alinyanyua kichwa mezani. "Mkono?"

"Njoo," nikasema.

"Baba, niko kazini."

"Njoo na kazi."

Akamwachia mwenzake meza, akatufuata, huku Dereva amelaza shingo upande mmoja, amekataa kuinyoosha kabla ya kunyolewa. Watu njiani walimpa pole.

Chumba kilikuwa na vumbi. Nikafungua dirisha, nikafuta kioo, nikaunoa wembe kwenye mkanda wa ngozi mpaka ukaimba. Dereva akaketi. Nilimfunga shuka shingoni, nikapunguza ndevu kwa mkasi, vipande vikaanguka mapajani kama paka aliyekuja kulala. Nikapaka povu. Binti alisimama mlangoni, mikono kifuani. Benchi hakulikalia.

Nikashika wembe. Chumba kimya. Mkono ukaanza.

"Baba," binti akasema taratibu, "acha. Usimuumize baba wa watu."

"Mwambie aongee!" Dereva akasema kutoka ndani ya povu. "Huyu anafanya kazi kwa maneno."

"Niongee nini?"

"Chochote. Mimi sitoki hapa na povu."

Nikaanza na kuku. Mkono ukatulia, nikalinyoa shavu la kulia. Kuku akaisha. Nikaleta bwana harusi aliyesinzia kitini hapa hapa mpaka wakaja kumtafuta na tarumbeta. Nikamaliza shavu la kushoto. Bwana harusi naye akaisha. Nikatafuta habari nyingine, nisiione. Miaka yote maneno yalikuwa yakinipita masikioni, na mimi nilikuwa nimeshughulika na visogo. Nilikuwa nimefika kooni. Wembe ukaanza kuyumba, nikaunyanyua.

"Na yule aliyekuja na paka?" binti akasema. "Mama alikuwa anapenda kuisimulia."

"Isimulie wewe."

Akaisimulia. Akaisimulia vizuri, mwendo wa mama yake kabisa, na Dereva akacheka akatoa mapovu puani. Nikausogeza wembe. Mkono ukatetemeka vilevile. Ulitaka mdomo wangu.

"Jamani," Dereva akasema, "kimebaki koo tu. Na koo ndilo ninalolipenda."

Basi nikasema kilichokuwepo. Sikuwa na kingine. Nikaweka vidole viwili chini ya kidevu chake, nikasema habari ya taulo. Nilikuwa sijamsimulia mtu; Dereva nilimwambia hasira tu. Nikasema jinsi nilivyokuwa nimekaa kitandani kwake, jinsi alivyoniambia nenda ukaanue. Nikasema zilikuwa bado mbichi upande wa chini, nikazianua hivyohivyo kwa kuwa ameniambia. Nikasema nilizikunja kule nje, kwa sababu yeye hapendi taulo iingie ndani haijakunjwa. Kama ningezikumbatia tu nikarudi, ningemkuta. Wembe ukapita kooni, ukarudi, ukapita. Machozi yalikuwa yanashuka, safari hii macho yote, na sikuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa kazini.

Nikasikia benchi likilia. Binti alikuwa ameketi.

"Baba," akasema. "Na mimi alinitoa. Asubuhi ile. Aliniambia nikanunue chumvi."

Nikasimamisha wembe. "Chumvi?"

"Chumvi ilikuwepo. Nimerudi nimeikuta kwenye kabati, pakiti nzima. Nimeshika chumvi mbili, sijui nizipeleke wapi."

Tukatazamana kwenye kioo.

"Alitutoa wote," nikasema.

"Alitaka asiwe na mtu wa kumwona amenyamaza," binti akasema. Akajifuta pua kwa mkono kama alipokuwa mdogo. Kisha akaanza kucheka. "Wewe angalau taulo zilihitaji kuanuliwa. Mimi, baba, chumvi!"

Nikacheka. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na nilikuwa nimeshasahau kwamba nimesimama juu ya mtu.

"Samahanini ndugu zangu," Dereva akasema polepole, bila kusogeza hata mdomo. "Msiba ni wetu sote. Lakini kinyozi analia, na wembe uko kwenye koo langu. Mkiweza, chekeni kwa zamu."

Nikamalizia. Nikampangusa, nikampaka spiriti, akaruka kama kawaida yake. Hakuna damu. Akajitazama kwenye kioo, akajishika kidevu, akageuka huku na huku.

"Huyu bwana nilikuwa nimemkosa," akasema, na akatoka mbio kumwonyesha mkewe kabla povu la masikioni halijakauka.

Binti alibaki kwenye benchi. Alichukua taulo iliyolowa, akaikung'uta, akaikunja. Hakusema habari ya kuhamia kwake, na mimi sikuikumbusha. Baada ya muda akaangalia saa, akasema, "Mwenzangu ataniua," akarudi kazini.

Darasa jingine limefunguliwa, na bado nakwenda kukaa ghorofani. Dada Pumzi ameweka sharti moja: nisikae jirani na mtu mwenye ndevu. Mikono bado inavimba. Kuna siku nalia, kuna siku nasinzia, kuna siku nakaa tu na pua yangu. Nikisikia maneno, nabana mdomo mpaka tutoke.

Kwenye chumba cha kunyolea ni kinyume. Juzi amekuja kijana mmoja mlinzi, sijawahi kumwona, ndevu za wiki mbili. Amekesha kazini, macho mekundu. Akaketi akasema, "Mzee, kichwa kinaniuma. Ninyoe, ila leo tusiongee."

"Kimya kinafundishwa juu ya zahanati," nikamwambia. "Hapa ni wembe."

Akanitazama kwenye kioo. Akautazama mkono wangu ulioshika wembe. Ulikuwa umeshaanza.

"Haya," akasema. "Tuongee. Tuongee nini?"

"Sijui bado," nikasema, nikaweka vidole viwili chini ya kidevu chake. "Wewe kwenu mko wangapi?"